Wasiwasi Unapobisha Hodi: Funzo la Mama Yake Nabii Musa



Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, maswali yanayotufikia siku hizi baada ya darsa za kina mama hutofautiana maneno, lakini shina lake ni moja. Huyu mumewe alikuwa kibarua bandarini. Sasa hutoka alfajiri kwenda kusimama langoni, na adhuhuri hurudi mikono mitupu. Yule bintiye yuko Saudia, na hili ni juma la pili simu yake haiiti. Mwengine kodi ya nyumba imelimbikizana miezi mitatu na shule zakaribia kufunguliwa. Kila mmoja humalizia kwa kauli hii: “Sheikh, nisome nini ili moyo wangu utulie?”

Swali ni jema, na la kusoma lipo. Lakini jibu hilo ni nusu tu. Juma hili, inshaAllah, tutaitazama na nusu ya pili, ambayo aghalabu huachwa.

Huzuni na hamu

Wanavyuoni wamepambanua baina ya maneno mawili ya Kiarabu ambayo sisi huyachanganya. La kwanza ni huzuni, nayo ni maumivu ya lililokwisha kupita: maiti aliyezikwa, ndoa iliyovunjika, kazi iliyopotea. La pili ni hamm, nayo ni dhiki ya lile ambalo bado halijafika: karo ya muhula ujao, majibu ya hospitali, simu inayosubiriwa. Neno hilo ndilo lililozaa “hamu” yetu. Leo twalitumia zaidi kwa maana ya shauku, lakini wazee wetu walilitumia pia kwa maana ya dhiki ya moyo. Ama “wasiwasi”, asili yake ni mnong’ono, ile sauti ndogo isiyochoka kusema sikioni.

Upambanuzi huu una faida kubwa. La jana dawa yake ni subira na kupewa muda, kwani maji yakimwagika hayazoleki. La kesho ni jambo jingine. Kwa kuwa bado halijafika, huenda lipo la kufanywa leo.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akiomba sana dua ya kujikinga na hamm na huzuni, nayo imepokewa na Anas bin Malik (r.a.). Tuutazame mpangilio wake. Baada ya kuvitaja viwili hivyo, alivifuatisha na kushindwa na uvivu, woga na ubakhili, uzito wa deni na kuonewa na watu. Dhiki ya moyo imewekwa ujirani mmoja na uvivu na deni! Basi mwenye kuisoma dua hii asubuhi, kisha mchana akachukua mkopo mpya wa simu ili kulipia ule wa zamani, mfano wake ni wa aliyefunga mlango wa mbele na kuuacha wa uani wazi.

Kuogopa si kukosa imani

Kabla hatujaendelea, hapana budi tuliondoe jambo moja linalowaumiza kina mama wengi. Mtu anapoeleza dhiki yake, mara huambiwa, “Imani yako ni ndogo. Muislamu wa kweli hana wasiwasi.” Maneno haya si sawa, na humwongezea mgonjwa jeraha la pili.

Nabii Yaqub (a.s.) alilia kwa kumpoteza Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu, naye akawajibu kwamba mashtaka yake anampelekea Mola wake. Hatukuambiwa kwamba alikuwa dhaifu wa imani. Bali ni mzee huyo huyo, mwenye macho yaliyochakaa kwa machozi, ndiye aliyewatuma wanawe warudi kumtafuta Yusuf na nduguye, akiwakataza wasikate tamaa.

Na Mtume wetu (s.a.w.) katika mwaka wa kumi wa utume alifiwa na Bi Khadija (r.a.) na ami yake Abu Talib kwa kufuatana, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Baadaye, Madina, alimzika mwanawe Ibrahim angali mchanga, na macho yake yakabubujika machozi mbele za watu. Sahaba mmoja alipostaajabu, alimjulisha kuwa ile ni rehema. Chozi, basi, halimtoi mtu katika safu ya wenye kusubiri.

Sanduku na binti

Sasa tumtazame mama mmoja ambaye Qur’ani imeutaja moyo wake waziwazi, naye ni mama yake Nabii Musa (a.s.). Kisa chake kimo katika Suratul Qasas.

Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili. Mama huyu akapewa ilhamu amnyonyeshe mwanawe, na atakapomhofia amtie mtoni. Akakatazwa mambo mawili, kuogopa na kuhuzunika, yaani dhiki ya kesho na maumivu ya jana. Tena akapewa ahadi kwamba mtoto atarejeshwa kwake. Ahadi kutoka kwa nani? Kutoka kwa Yule asiyevunja ahadi.

Pamoja na hayo, kulipopambazuka, Qur’ani yatueleza kwamba moyo wake ulikuwa mtupu. Alikaribia kuitoboa siri yake, lau si Mwenyezi Mungu kuutia nguvu moyo wake. Tuzingatie, mama zangu. Mwanamke aliyeahidiwa na Mola wake mwenyewe bado moyo wake ulimtoka. Basi wewe uliyekesha ukiitazama simu isiyoita, usijione umekufuru.

Lakini hakuishia hapo. Alimwambia dada yake Musa amfuate. Binti yule akatembea ukingoni akilitazama sanduku kwa mbali, pasi na watu wa Firauni kumtambua. Mtoto alipokataa maziwa ya wanyonyeshaji wote, ni binti huyo aliyejitokeza na kuwaelekeza kwenye nyumba itakayomlea. Hivyo ndivyo Musa alivyorudi kifuani mwa mamaye, jicho lake likaburudika.

Hapa ndipo lilipo funzo letu. Mkondo wa maji haukuwa mikononi mwa mama yule, wala jumba la Firauni, wala moyo wa mke wa Firauni. Hayo yote aliyakabidhi. Kilichokuwa mikononi mwake ni kimoja tu, kumtuma binti, nacho hakukiacha. Hakuyarukia maji kulizuia sanduku, wala hakuketi mlangoni kwa hoja kwamba ahadi imekwisha kutolewa. Kila dhiki ina sehemu ya mtoni na sehemu ya ukingoni. Wengi wetu twachoka kwa sababu twapigana na mto, na ukingo tumeuacha mtupu.

Kuugawa mzigo

Basi jioni, baada ya sala ya Isha, chukua karatasi. Uliandike lile linalokusumbua kwa jina lake, kwani wasiwasi usiotajwa hujaza nyumba nzima, na ukishaandikwa hukaa mstari mmoja. Kisha ulitenge fungu la mtoni na fungu la ukingoni.

Tuchukue mfano wa kodi. Kwamba meli zitakuja nyingi au chache, hilo ni la mtoni. La ukingoni ni kumwendea mwenye nyumba kabla hajaja yeye, mume na mke pamoja, kumweleza hali na kumpa kile kidogo kilichopo. Mwenye kudai hukasirishwa na kufichwa kuliko kucheleweshwa. La ukingoni pia ni kuketi na daftari na kuyajua madeni yote jumla yake, na kuacha kukopa hapa ili kulipa pale, kwani mikopo ile ya riba huzaliana kama panya. Mke asimfiche mumewe mkopo alioutia simuni, wala mume asimfiche mkewe kwamba kazi imekwisha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Ama binti aliyeko ng’ambo, moyo wa mwajiri wake ni wa mtoni. La ukingoni ni kuwa na nakala ya pasipoti yake, nakala ya mkataba, jina la ajenti aliyempeleka, na anwani ya nyumba anayofanya kazi. Kabla hajasafiri, yapasa kuhakikishwa kwamba ajenti yule amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kupanga siku maalumu ya kupiga simu. Siku hiyo ikipita kimya, msikae wiki tatu mkinong’onezana jikoni. Nendeni kwa ajenti, na asipokupeni jibu, pelekeni habari kwa wizara zinazohusika, ili zimfuatilie kupitia ubalozi wetu ulioko Riyadh. Huko ndiko kumtuma dada yake Musa.

Ukishamaliza fungu la leo, likunje karatasi lako. La mtoni liseme kwenye sijda, kwa lugha yako ya nyumbani ukiwa katika sala ya sunna au baada ya kutoa salamu, usihofu ufasaha. Yapokewa kwamba Mtume (s.a.w.) jambo lilipomzidi alikimbilia sala, na alikuwa akimtaka Bilal (r.a.) aadhini ili wapumzike kwayo. Sala kwake ilikuwa mapumziko. Nasi tusiisali kama mtu anayelipa faini.

Mwili nao una haki yake

Mwenye dhiki husahau kula, hulala saa mbili, kisha hushangaa kwamba kila kitu kimekuwa kikubwa. Deni la saa nane za usiku si sawa na deni la saa mbili za asubuhi, ingawa shilingi ni zile zile. Kwa hivyo usikate shauri lolote usiku wa manane. Simu iweke chumba kingine, tawadha, soma adhkari zako, ulale.

Na chakula pia kina nafasi yake katika Sunna. Bi Aisha (r.a.) alipofiwa katika jamaa zake, wanawake waliokusanyika wakishatawanyika na kubaki wenye msiba na walio karibu nao, aliamrisha ipikwe talbina, nao uji mwepesi wa shayiri. Akieleza kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akisema kwamba uji ule huliwaza moyo wa mgonjwa na kupunguza sehemu ya huzuni. Tuangalie wakati aliouchagua. Uji ule ulipikwa baada ya wageni kuondoka, saa ambayo nyumba huwa kimya na msiba hurudi upya. Unga wa shayiri wapatikana, na ukikosekana, uji wa wimbi wa jirani mwenye mapenzi hautafukuzwa mlangoni.

Bashasha ya nyumba

Wengine huuliza, “Nitachekaje na nyumba yangu yaungua?” Bashasha tunayoikusudia si kuvaa uso wa bandia. Ni kutoiruhusu dhiki imiliki kila saa na kila chumba.

Palikuwa na mtoto mdogo Madina akiitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume (s.a.w.), mwenye mzigo wa umma mzima mabegani, alipomwona alimuuliza kwa upole na utani kindege chake kimefanyaje. Hakusema ni kindege tu. Na safarini aliwahi kushindana mbio na Bi Aisha (r.a.), akashindwa yeye. Baada ya muda wakashindana tena, akashinda yeye, naye akamtania kwamba sasa wametoshana. Hiyo haikuwa nyumba ya tajiri. Ilipita miezi ambamo humo hamkuwashwa moto wa kupikia, chakula chao kikawa tende na maji.

Watoto wetu husoma nyuso kabla hawajajua kusoma msahafu. Ukiwaficha kila kitu, watajitungia wao wenyewe, na watakayotunga huwa mabaya zaidi. Waambie kwa kipimo chao: “Baba hajapata kazi bado. Mwezi huu tutakula mchicha na samaki wadogo, na In shaa Allah mambo yatakuwa sawa.” Kisha uliza nani atachuma mchicha. Mtoto aliyepewa kazi ndogo haogopi sana, kwani naye amepewa ukingo wa kutembea.

Tena weka saa moja kwa siku ambayo madeni hayatajwi. Iwe baina ya Magharibi na Isha, watoto wakisoma juzuu yao na mama akisuka ukili au akimsuka bintiye nywele. Hadithi za bibi na vitendawili havilipiwi kodi.

Jirani wa mwenye dhiki

Mwezi wa Mei 2020, ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa kwa sababu ya korona, watu wakazuiwa kuingia na kutoka. Misikiti ilikuwa imefungwa, na kwa mama aliyezoea kuuza kaimati na viazi vya karai jioni, riziki ilisimama siku moja. Siku zile zilitufunza thamani ya desturi yetu ya kupelekeana sahani, ambayo wakati wa neema twaiona jambo dogo.

Ukimtembelea mwenye dhiki, usimwambie, “Afadhali wewe, fulani ana makubwa zaidi.” Dhiki hazipimwi kwenye mzani wa sokoni. Usimuulize pia, “Nikusaidie nini?” kwani mwenye haya atajibu, “Alhamdulillah, hamna neno.” Sema, “Kesho nitawachukua watoto baada ya madrasa, wewe ulale.” Na chama chenu cha kina mama kikiweza kumtanguliza katika zamu ya kupokea, hiyo ni sadaka isiyompunguzia mtu hata senti.

Dhiki inapokuwa maradhi

Yupo mwanachuoni wa karne ya nne Hijria, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia. Aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyojulikana sababu yake. Waislamu basi walilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu iliyopita, na si haki leo kila mwenye kuugua nafsi tukamwita mwenye jini au aliyehusudiwa.

Mkiona mtu amepita majuma mawili halali, hali, hana raha na lolote alilolipenda, au mama aliyejifungua analia kila siku na hamtaki mtoto wake, mpelekeni hospitali. Akianza kusema kwamba heri afe, msimwache peke yake hata saa moja, na msingoje majuma mawili. Ruqya asomewe na daktari amwone. Aliyetuamrisha dua ndiye aliyetuamrisha kujitibu.

Al-Balkhi alishauri pia kwamba, kama vile mwenye afya anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, naye aweke fikra njema akiba wakati wa utulivu, apate za kushika wakati wa msukosuko. Ushauri huu wavuvi wetu wanaujua. Kusi linapovuma na bahari kuchafuka, mvuvi hatukanani na upepo. Huvuta chombo pwani, akatia kalafati, akashona nyavu. Kaskazi likirudi, humkuta tayari.

Basi, mama zangu na ndugu zangu, juma hili tufanye jambo moja. Kila mmoja alitazame sanduku lake lililoko mtoni, kisha ajiulize: nani nimtume ukingoni leo? Ajibu kwa kitendo kabla ya Magharibi, na mengine ayakabidhi kwa Mwenyewe.

Ewe Mola wetu, wafariji wenye dhiki, walipie wenye madeni, warejeshe salama walioko mbali, waponye wagonjwa wa miili na wa nafsi, na uyaburudishe macho ya kila mama kama ulivyoliburudisha jicho la mama yake Musa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.